Lanthanamu kwenye ndoo ya chubwi: shajara ya mradi

Machi 9

Mzigo umefika. Kilo moja ya oksaidi ya lanthanamu, unga mweupe kama sembe, ndani ya mfuko wa plastiki uliokunjwa mdomo na kubanwa kwa klipu. Kijana aliyeuleta aliniuliza kama ni dawa ya mende. Kwenye mzani wa jikoni umesoma gramu 1,002. Nimeuweka kabatini, juu ya madaftari ya Kidato cha Tatu ambayo bado sijayasahihisha.

Ninachotaka ni kuona kiini cha atomu kikinasa elektroni yake chenyewe. Darasani tunafundisha mionzi ya alfa, beta na gama, basi. Huu unasaji unapewa mstari mmoja mwishoni mwa sura, kama jina la shemeji kwenye kadi ya harusi. Kumbe kwa viini vizito ni jambo la kila siku: kadiri kiini kinavyokuwa na protoni nyingi ndivyo elektroni za ganda la ndani kabisa, lile la K, zinavyovutwa karibu, na ndivyo zinavyokuwa hatarini kumezwa. Protoni moja inapokea elektroni, inageuka nutroni, nutrino (chembe ndogo mno isiyo na chaji) inaondoka bila kuaga mtu. Atomu inashuka nafasi moja kwenye jedwali la elementi. Lanthanamu inakuwa bariamu.

Nimechagua lanthanamu kwa sababu mbili. Inauzwa kama kemikali ya kawaida, haihitaji kibali cha chanzo cha mionzi. Na ndani yake, kwa maumbile, kuna isotopu ya 138, yaani atomu zake zenye uzito huo, kidogo sana: 0.0888 kwa kila mia. Nusu uhai wake, yaani muda wa nusu ya atomu hizo kuoza, ni kama miaka bilioni 103, zaidi ya mara saba ya umri wa ulimwengu. Piga hesabu uone: gramu moja ya lanthanamu inatoa pigo kama 0.82 kwa sekunde. Mbolea ya potashi inayouzwa duka la pembejeo ina mionzi mara 20 zaidi ya unga wangu, gramu kwa gramu. Kwa hiyo hapa hatari ni kutokuona kitu, si kuungua.

Machi 16

Kigunduzi ni cha mtumba: fuwele ya sodiamu iodaidi ya inchi mbili kwa inchi mbili, na nyuma yake mrija wa fotomaltiplaya, unaogeuza mimweko ya fuwele kuwa mapigo ya umeme. Mapigo yake nimeyarefusha kwa kapasita mpaka kadi ya sauti ya kompyuta iyasikie kama milio midogo ya maikrofoni. Programu ya bure inapima urefu wa kila mlio na kuupanga kwenye spektra, yaani grafu ya mapigo kwa kila nishati. Mtu akipita nyuma yangu anadhani narekodi kanda.

Usiku wa jana niliacha kirekodi chumba kitupu, bila unga wowote, ili nijue mionzi ya nyumba yenyewe. Asubuhi kilele kimoja kimesimama juu ya vingine kama mnara wa simu: 1461 keV (keV ni kipimo cha nishati ya mionzi). Hiyo ni potasiamu ya 40 iliyomo kwenye saruji, mchanga na matofali ya kuta zangu.

Na hapa ndipo nilipoanza kukuna kichwa. Lanthanamu ya 138 ina njia mbili. Theluthi mbili hivi (65.5 kwa mia) hunasa elektroni na kuwa bariamu, ikifuatiwa na gama ya 1436 keV. Zilizobaki hutoa beta na kuwa seriamu, ikifuatiwa na gama ya 789. Ninayoitaka mimi ni 1436. Tofauti yake na potasiamu ya ukutani ni 25 keV tu, wakati kigunduzi changu katika nishati hizo kinatandaza kila kilele kwa upana wa keV 75 hivi. Ni kama kumtafuta mtu mfupi aliyesimama nyuma ya mtu mnene.

Kinachochekesha ni kwamba hiyo 1461 nayo inatokana na unasaji wa elektroni. Kama 11 kwa mia ya potasiamu ya 40 inayooza hunasa elektroni na kuwa agoni, na gama hiyo ndiyo alama yake. Kwa maana hiyo ninachokitafuta tayari kimejaa kwenye kuta, ila si cha kwangu.

Machi 30

Risasi, ile metali nzito. Inahitajika nyingi ya kuzungushia kigunduzi ili ukuta usikifikie. Tofali za risasi za maabara bei yake sitaki kuitaja. Kuyeyusha betri mbovu za gari sikutaka, mvuke wake ni sumu na nyumba ina watoto. Nikaenda Feri, sokoni kwa samaki, kwa wanaouza nyavu, ndoano na chubwi, vile vipande vya risasi vya kuzamishia nyavu.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Chubwi ngapi?”

“Kilo arobaini na tano.”

Akaniangalia. “Una meli?”

Nikamweleza kidogo: kuna mionzi ukutani, naizuia. Akasema ukuta wake yeye una mchwa tu, akanipunguzia bei.

Nimechukua ndoo ya lita 10, katikati nimesimamisha kipande cha bomba la plastiki la inchi sita, na ile nafasi kati ya bomba na ndoo nimeijaza chubwi nikizishindilia kwa mpini wa mwiko, glavu mkononi. Zimeingia kilo 43. Chini na juu nimeweka vipande vya risasi ya bapa vya fundi wa paa. Chubwi zina mianya, kwa hiyo unene wa sentimita nne na nusu ni sawa na risasi ngumu ya karibu sentimita tatu. Kilele cha potasiamu kimeshuka hadi takriban moja ya tano, yaani pigo 0.4 kwa sekunde.

Ndani ya bomba nimevingirisha bati jembamba la shaba. Risasi ikipigwa na gama hutoa eksirei zake za keV 70 hadi 90 hivi, na sikutaka kelele hiyo chini ya spektra.

Aprili 13

Usiku wa kwanza wa lanthanamu. Gramu 500 kwenye kopo la siagi ya karanga, juu ya fuwele, mfuniko wa risasi umefungwa. Saa mbili usiku nikawasha. Saa nne hakukuwa na cha maana, nikalala.

Alfajiri 789 ilikuwa imesimama wima, peke yake, pahali ambapo wiki zote nilikuwa naona bonde. Niliita watu, hapakuwa na aliyeamka. Kwenye 1436 pia kulikuwa na kitu kinene, lakini bega lake la kulia lilikuwa potasiamu.

Ukitazama kwa jicho utasema 789 ni kubwa kuliko 1436, kwa hiyo beta inashinda. Jicho linadanganywa. Fuwele ndogo kama yangu inazikamata nzima gama za 789 zaidi ya mara mbili ya inavyozikamata za 1436. Nyingi za hizi za juu zinagonga, zinaacha sehemu ya nishati, zinatoka.

Aprili 20

Nimepoteza juma zima na kosa ni langu. Nilikuwa natoa spektra ya chumba kitupu kutoka kwenye ya unga, nikitarajia potasiamu itafutika. Ikabaki kitu kama wimbi: shimo kushoto, nundu kulia. Nikarudia. Siku ya pili nundu ikahamia kushoto.

Ni joto. Kigunduzi changu kikipata nyuzi moja ya ziada, vilele vyote vinashuka karibu 0.4 kwa mia. Chumba hiki alfajiri kina nyuzi 26, saa tisa mchana bati likishachemka ni 32. Tofauti ya nyuzi sita ni 2.4 kwa mia, na kwenye 1450 hiyo ni keV 35. Potasiamu ya saa tisa mchana inakaa kwenye kiti cha lanthanamu, tena inapitiliza. Kwa siku saba nilikuwa napima jua.

Mei 4

Nimenunua boksi la povu la kusafirishia samaki, ndoo nzima imeingia. Harufu ya changu haijatoka mpaka leo. Sasa ndani joto linapanda na kushuka nyuzi moja na nusu tu kwa siku. Programu nimeiambia ihifadhi spektra mpya kila saa, nami nasawazisha kila moja kwa vilele vinavyojulikana kabla ya kuzijumlisha. Vilele hivyo nimevipata kwenye kile kifuko cha kitambaa kinachowaka ndani ya karabai, cha zamani, ambacho marehemu babu alikiacha na taa yake. Vile vya zamani vilitiwa thoriamu ili viwake vyeupe. Nakiweka juu dakika tano, kinanipa 239, 583, 911 na 2615, nakiondoa.

Umeme ulikatika mara mbili juma hili. Betri ya pikipiki inashikilia kigunduzi saa tatu.

Mei 11

Hili la leo nitalikumbuka.

Kulinganisha unga na chumba kitupu si haki. Gramu 500 za madini mazito juu ya fuwele zenyewe ni ngao: zinakinga baadhi ya mionzi ya juu na kutawanya nyingine. Kinachotakiwa ni kopo lilelile lenye unga wa uzito uleule ambao hauna mionzi. Jirani wa lanthanamu kwenye jedwali ni seriamu, na oksaidi ya seriamu inauzwa kwa mafundi vioo kwa ajili ya kung'arisha. Nikanunua nusu kilo kwa fundi mmoja, ina rangi ya udongo mwekundu uliopauka.

Nikapima usiku mmoja. Kilele cha 789. Na cha 1436.

Kwanza nilidhani nimechanganya makopo. Halafu nilidhani unga mweupe umemwagika ndani ya ngao, nikaosha bomba lote kwa sabuni, nikapima tena. Bado vipo, karibu robo ya vile vya lanthanamu halisi. Ndipo nilipokumbuka kwamba unga wa bei nafuu wa kung'arishia mara nyingi si seriamu tupu. Ni mchanganyiko wa oksaidi kama ulivyotoka kwenye mwamba, na lanthanamu imo humo kwa wingi. Madini haya hayakai mbalimbali. Ukiyachimba Ngualla kule Songwe au Gakara nchini Burundi utayakuta yamelala kitanda kimoja, na kuyatenganisha ndiyo kazi yenye gharama kuliko kuchimba.

Kwa maneno mengine, nilikuwa natoa lanthanamu kutoka kwa lanthanamu. Ningekuwa sijaangalia 789 ningeendelea hivyohivyo na mapigo yangu yangepungua robo nzima, nami ningeyatetea kwa nguvu zote.

Nimeagiza seriamu safi, nyeupe yenye umanjano kidogo. Siku kumi.

Mei 25

Seriamu safi haina 789. Afadhali.

Lakini unga wa lanthanamu umenenepa. Nilikuwa napanga kopo jipya, nikapima vyote: gramu 500 za kopo, 561 zilizobaki mfukoni. Jumla 1,061. Machi ulikuwa 1,002. Nilipima pakiti ya sukari ya kilo, mzani ukasema kilo. Nikapima unga tena. 1,061.

Masika ndiyo imefanya. Oksaidi ya lanthanamu ina tabia ya chokaa isiyozimwa: inakunywa unyevu wa hewa na kugeuka haidroksaidi, na kabonidayoksaidi nayo inachukua kidogo. Ikinywa mpaka ishibe inaongezeka karibu gramu 17 kwa kila 100. Mfuko ule wa klipu ulikuwa wazi kwa hewa ya Dar es Salaam ya Aprili, hewa ambayo chumvi yenyewe inatoa machozi. Ndiyo kusema katika zile “gramu 500 za oksaidi” nilizoziandika kwa kalamu ya wino, sehemu ni maji, na idadi ya atomu zangu si ile niliyodhani. Ukitaka nusu uhai lazima ujue una atomu ngapi. Hakuna ujanja.

Juni 1

Fundi anayetengeneza meno ya bandia ana tanuri dogo la umeme linalofika nyuzi 900. Nimempelekea gramu 20.0 kwenye bakuli la kauri, tumezichoma saa mbili baada ya kazi zake kuisha. Tumezipima zikiwa bado za moto kidogo, haraka, kwenye mzani wa sonara, maana zikipoa wazi zinaanza kunywa tena. Zimebaki 18.2. Basi tisa kwa mia ya unga wangu ni maji na hewa. Zile 500 ni 455 za oksaidi, na humo lanthanamu ni gramu 388.

Aliniuliza kama unga huu unafaa kwa meno. Nikasema sijui, usijaribu.

Kopo nimelifunga kwa nta ya mshumaa kuzunguka mfuniko.

Juni 15

Sasa namba. Ili kujua fuwele inakamata gama ngapi kati ya zinazotoka kwenye kopo, nimetumia adui: potasiamu. Mbolea ya potashi ya 60 kwa mia, gramu 350, inajaza kopo hadi alama ileile. Potasiamu ya kawaida hutoa gama za 1461 kama 3.3 kwa sekunde kwa gramu, kwa hiyo kopo la mbolea linatoa 575 hivi. Kigunduzi kimeona 4.30 kwa sekunde kwenye kilele. Nishati ya 1461 na ya 1436 ni jirani kiasi kwamba fuwele haitofautishi ugumu wake. Kipimo kimoja kwa zote mbili.

Lanthanamu, baada ya kutoa seriamu: 1.52 kwa sekunde kwenye 1436. Unga huu ni mzito kuliko mbolea, unajimezea gama zake kidogo zaidi, nimeongeza 5 kwa mia. Inakuja gama 213 kwa sekunde. Kwa gramu 388, nusu uhai wa njia ya unasaji peke yake ni miaka bilioni 154. Vitabu vinatoa bilioni 157. Ningetumia uzito wa kopo bila kuchoma unga ningepata 169.

Nimekaa nikiangalia hiyo 154 kwa muda. Makosa yangu niliyoyakadiria ni kama 7 kwa mia, kwa hiyo ukaribu ule una bahati ndani yake na sitajisifu. Uwiano wa njia mbili nimeupata kwa vilele vya karabai kusahihisha ukamataji: 1.82 za unasaji kwa kila beta moja. Kama 65 kwa 35. Hapo kosa ni kubwa zaidi, 12 kwa mia hivi, kwa sababu kitambaa cha karabai hakikutandazwa sawasawa na unga.

Mwanafunzi mmoja aliuliza leo kwa nini isotopu hii inachelewa hivyo wakati nyingine zinanasa kwa siku chache. Jibu liko kwenye mzunguko wa kiini, ule unaoitwa spini. Kiini cha lanthanamu ya 138 kina mzunguko wa 5, ngazi ya bariamu kinakoangukia ina 2. Tofauti ya 3 lazima ibebwe na mtu, na nutrino hawezi mzigo huo isipokuwa kwa nadra mno. Ndiyo sababu bado ipo ardhini tangu kabla ya dunia kuumbika.

Juni 29

Kuna jambo linanikera tangu Aprili na leo nimeliandika ubaoni. Sijaona elektroni ikinaswa. Nilichoona ni bariamu ikitulia baada ya hapo. Gama ya 1436 ni kelele ya jirani akifunga mlango. Mwizi mwenyewe sijamuona. Alama ya unasaji wenyewe ni tundu linalobaki kwenye ganda la K. Elektroni ya ganda la juu inaanguka kulijaza, na bariamu inatoa eksirei ya keV 32. Luis Alvarez alipothibitisha jambo hili kwa mara ya kwanza, Marekani, mwaka 1937, alikwenda kwenye eksirei: alinasa za titani zilizotokana na vanadiamu. Yukawa na Sakata wa Japani walikuwa wameshaipiga hesabu yake kabla.

Unga mnene haufai. Eksirei ya keV 32 ndani ya oksaidi hii haifiki mbali. Karibu unga wote wa kopo unajimezea eksirei zake wenyewe. Nimetandaza gramu 3 kwenye utepe wa gundi, duara la upana wa fuwele, nikaugeuzia kigunduzi.

Kilele cha 32 kimetokea usiku wa kwanza. Nikasherehekea kwa chapati mbili, na chapati ya pili ikanikwama kooni. Lanthanamu yenyewe ina eksirei, karibu keV 33. Gama yoyote ya mazingira ikiipiga atomu ya lanthanamu na kung'oa elektroni ya K, itatoa hiyo 33, bila kiini kunasa chochote. Kigunduzi changu hakiwezi kutofautisha 32 na 33 hata kikilipwa. Nimetandaza seriamu safi kwa namna ileile: kweli, kuna nundu ndogo, karibu 35. Ni ndogo kuliko ile ya lanthanamu, mara nne hivi. Ushahidi upo, lakini ni wa kusema “nyingi kuliko”. Mimi nataka wa kusema “ni hii”.

Julai 13

Rafiki anayefundisha chuoni ameniazima kigunduzi cha pili, fuwele nyembamba yenye dirisha jembamba, mpaka mwisho wa mwezi. Kadi ya sauti ina masikio mawili, kushoto na kulia. Fuwele nyembamba nimeipa sikio la kushoto, ile nene la kulia, na zile gramu 3 katikati kama samli kwenye mkate.

Wazo ni hili. Kiini kikinasa elektroni ya K, eksirei ya 32 na gama ya 1436 zinatoka karibu kwa wakati mmoja, kwa saa yangu ni papo hapo. Kikitoa beta na kuwa seriamu, inatoka 789 na hakuna tundu kwenye K. Mionzi ya mazingira inayogonga lanthanamu na kutoa 33 haina 1436 pembeni yake. Kwa hiyo nahesabu tu mapigo yaliyokuja pamoja: kushoto kati ya 25 na 40, kulia kati ya 1380 na 1490, yasipishane zaidi ya sekunde milioni 50.

Nimeandika vibaya. Si sekunde milioni 50, ni sehemu 50 za milioni ya sekunde. Naliacha kosa hapa ili nijicheke baadaye.

Saa ya kwanza: 16. Niliyahesabu moja moja kama mtoto anayehesabu magari barabarani.

Julai 21

Saa 60 zimekamilika, kwa vipande vinne, kwa sababu ya umeme.

Mapigo ya pamoja kwenye 1436: 847. Ili kujua ni mangapi kati yake ni ya kukutana kwa bahati, nimechelewesha sikio la kushoto kwa sekunde nzima na kuhesabu upya data ileile. 24. Potasiamu ya ukutani, iliyonisumbua tangu Machi, haimo kabisa: gama yake haiji na rafiki wa keV 32. Nimeitoa bila chubwi hata moja.

Kisha nikafungua dirisha kwenye 789. Yalikuwepo mapigo ya pamoja, kama 600, moyo ukaruka. Lakini chini ya kilele cha 789 kuna mteremko wa gama za 1436 zilizoacha sehemu tu ya nishati, nazo zinakuja na eksirei zao kihalali. Nikahesabu madirisha ya upana uleule kushoto na kulia ya kilele. Mteremko peke yake unatoa yaleyale 600. Ziada ya 789 yenyewe ni 11, na kosa lake ni zaidi ya 30. Yaani hakuna.

Nimechora spektra ya fuwele nyembamba mara mbili kwenye karatasi moja: ikiambatana na 1436, na ikiambatana na 789 baada ya kutoa mteremko. Ya kwanza ina kilele kwenye 32, chembamba, safi, na nundu ndogo kulia kwake kwenye 36, ambako eksirei nyingine ya bariamu inapaswa kuwa. Ya pili ni mstari wa bapa wenye vinyweleo.

Watu wenye mabilioni hufanya kazi hii chini ya milima. Kule Gran Sasso, Italia, kundi la XENON1T lilitangaza mwaka 2019 kwamba limeona xenoni ya 124 ikinasa elektroni mbili kwa mpigo, kwa nusu uhai wa miaka 1.8 mara 10 kwa kipeo cha 22. Nao walikuwa wanatafuta jambo hilohilo: eksirei na elektroni ndogondogo zinazojaza matundu mawili ya K.

Julai 28

Kigunduzi cha pili kimerudi kwa mwenyewe jana, nimekifunga kwenye taulo ndani ya begi la shule. Kabla ya hapo nilijaribu kuona elektroni zilizonaswa kutoka ganda la L badala ya K. Eksirei zake ni keV 4 hadi 5, dirisha la alumini linazimeza zote. Kwa hilo inatakiwa lanthanamu iwe ndani ya fuwele yenyewe, kama zile za lanthanamu bromaidi, ambako hakuna kinachoweza kutoroka na unasaji wa K unajionyesha kama kilele cha 1473 na wa L karibu 1442. Bei yake ni ya pikipiki.

Mzee wa chubwi amenipigia. Wavuvi wameadimikiwa na risasi, anataka kujua kama ukuta wangu umeshapona. Nimemwambia nitarudisha kilo 20 mwezi ujao. Zilizobaki nazihitaji, nataka kupima lutetiamu.

Kopo nimelipima leo: gramu 500.1 bila uzito wa kopo na nta. Nta imeshika.